Pua ya Shangazi

Kwenye orodha ya wafanyakazi, shangazi yangu aliandikwa mpangaji wa taka, sawa na wenzake kumi na mmoja, lakini pale uwanjani kila mtu alijua kwamba kazi yake hasa ilikuwa kunusa. Walimwita Mama Pua, naye aliitika bila kinyongo, kama mtu anayeitikia cheo.

Uwanja wetu hupokea vitu ambavyo wengine hawataki kuviona tena. Malori huleta mafuta machafu ya gereji, madumu ya tindikali, betri zilizovimba, makopo ya rangi, chupa za maabara ambazo hata walimu wenyewe wanaziogopa. Kazi yetu ni kuvitenganisha kabla havijapelekwa kwenye tanuru, maana vitu hivi havipatani. Kuna vimiminika viwili ambavyo kila kimoja peke yake kimetulia tuli, ukivikutanisha ni vita. Na nusu ya mapipa hufika hayana lebo, au yana lebo ya uongo. Pipa limeandikwa sabuni ya maji, na ndani sabuni ilishatoka zamani, amehamia mpangaji mwingine asiyejulikana.

Hapo ndipo alipoitwa shangazi. Sisi tulisimama nyuma ya mstari wa njano uliochorwa sakafuni, yeye akalisogelea pipa, akalegeza kizibo robo mzunguko, akapunga hewa kwa kiganja kuielekea pua, akafumba jicho moja.

"Tina ya kuchanganyia rangi," anasema. Au, "Mafuta ya breki." Au, "Hii waiweke mbali, ina hasira."

Mimi ndiye ninayeandika lebo, kwa hiyo nilikuwa naandika anachosema, na msimamizi wetu, ambaye kwa sababu ya rundo la funguo kiunoni tunamwita Kufuli, anatia sahihi. Ilikuwa rahisi hivyo.

Tena kulikuwa na desturi ya asubuhi. Vitu vikali zaidi hulala kwenye ghala la ndani, chumba kisicho na dirisha. Kufuli alifungua mlango, shangazi akaingia peke yake, sisi tukabaki nje tukimalizia stori za jana. Baada ya muda alitoka midomo yake ikitembea taratibu, nami nilidhani anamshukuru Mungu. Akatikisa kichwa mara moja: hakuna kitu. Basi wote tukaingia, barakoa zimening'inia kidevuni kama mikufu. Nani ajibane pumzi na Mama Pua ameshapita?

Nami wananiita Mbona, kwa sababu ya neno ninalolitumia kuliko mengine. Marehemu mama alisema nilizaliwa nikiuliza badala ya kulia. Shangazi, dada yake baba, alinichukua nikiwa na miaka saba baada ya wazazi kuondoka mmoja baada ya mwingine, na mpaka leo nina miaka thelathini na minne tunaishi nyumba moja, vyumba viwili na jiko la nyuma. Ndiye aliyenitafutia kazi pale. Nayasema haya ili ijulikane kwamba kumpeleleza mtu kama huyu si jambo nililolifanya kwa furaha. Lakini nililifanya.

Ilianza na maharage. Jumamosi moja niliingia jikoni nikitoka kufua, nikakuta moshi umejaa mpaka darini, sufuria linalia, na shangazi ameketi hatua tatu kutoka kwenye jiko, ameupa mgongo moto, anashona kifungo cha ovaroli. Anaimba.

"Shangazi! Maharage yameungua!"

Aligeuka akashtuka. Kisha, upesi mno, akasema, "Najua. Nilitaka yakaukie kidogo."

Yakaukie! Yalikuwa makaa. Nililisugua lile sufuria siku mbili, na kila nilipolisugua swali lilinisugua mimi. Mtu anayetofautisha mafuta ya breki na mafuta ya injini kwa pumzi moja, anakaaje karibu na maharage yanayoungua asijue?

Wiki ile nikaanza kuangalia. Nikaona maziwa yaliyochacha anakunywa nusu kikombe kabla hajakunja uso. Nikaona anaonja chumvi mara nne. Jumatano nikatenda jambo ambalo nikilikumbuka naona haya: nilichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa nikakiweka chini ya kiti chake, kisha nikajifanya nasoma gazeti. Mimi mwenyewe kichwa kilianza kuniuma. Yeye alikula, akaniuliza habari za gazeti, akajinyoosha, akaenda kulala.

Basi pua ya Mama Pua ilikuwa haifanyi kazi. Lakini udadisi wangu haukuishia hapo, maana kitendawili kilikuwa kimezidi kukaza. Kama hasikii harufu, mbona hakosei? Lebo zote naziandika mimi. Mapipa yakifika kwenye tanuru hupimwa, na lililokosewa lingerudi na barua. Mwaka mzima tulirudishiwa matatu.

Nikaacha kumtazama pua, nikaanza kumtazama mikono. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Kabla hajagusa kizibo, alilipita pipa kwa nyuma ya kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. Aligonga kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini, akisikiliza ujazo unaanzia wapi. Alitazama kutu imekula upande gani. Na kabla ya hayo yote, alimsalimia dereva.

"Hujambo mwanangu? Umetoka mbali leo?"

"Kule kwenye mashine za kuchapa vitabu, mama."

"Wale wanaosafishia wino? Bado yule fundi wao mfupi yupo?"

Dereva anacheka, wanaulizana hali, na mimi nilikuwa nadhani ni ukarimu. Kumbe kila salamu ilikuwa upelelezi! Alijua kila kiwanda kinatumia nini, na kipi kinajaza mapipa ya mwenzake. Kunusa kulikuwa maonyesho tu, ya sisi tuliosimama nyuma ya mstari.

Nilimstahi, siwezi kukana. Na papo hapo nilikumbuka ghala la ndani. Pale hakuna dereva wa kusalimia. Hewa haina kutu. Akitikisa kichwa, anajuaje?

Kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza, yakaja mafunzo.

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi: wafanyakazi wote wa taka hatari wafunzwe siku tano, na asiyefaulu hataruhusiwa kuvuka mstari wa njano. Watu walinung'unika. Dereva wa mashine ya kunyanyua mapipa, jitu la miraba minne tunaloliita Kipara, alisema yeye ameshika taka tangu mkufunzi yuko shule ya msingi, atafundishwa nini?

Mkufunzi alikuja na begi moja na masanduku mawili. Alikuwa mwembamba, wa makamo, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeunganishwa na kovu. Alipofika kwa shangazi aliinama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivyo vidole ni tindikali?"

"Umejuaje?" akauliza, na macho yakamng'aa.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ukisema betri hii ni mbovu, umejuaje? Ukisema glovu zako hazijatoboka, umejuaje? Hakuuliza kwa kumdhihaki mtu, aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na mimi nikampenda papo hapo, kwa kuwa hatimaye nimepata ndugu.

Siku ya pili alitupaka unga usio na rangi kwenye glovu. Akasema tuvue jinsi tunavyovua siku zote, tuoshe mikono, twende tukanywe chai, turudi. Tuliporudi alifunga mapazia, akawasha taa yake maalumu, na ule unga ukaanza kuwaka bluu. Kipara alikuwa na sikio la bluu lote, maana ana tabia ya kulikuna akifikiri. Kufuli alikuwa na bluu kwenye kila ufunguo. Tulicheka mpaka machozi. Kisha ile taa ikanifikia mimi, ikaonyesha midomo yangu, ya bluu, na ncha ya kalamu ninayoitafuna nikiandika lebo, na kicheko changu kikakatika. Nimeitafuna kalamu hiyo miaka tisa.

"Hamkufanya kosa lolote ambalo mngeweza kuliona," Mkufunzi akasema. "Ndiyo maana nimekuja na taa."

Kisha akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA KUNUSA. Akaeleza kwamba kuna hewa zinazoua pua kwanza, halafu mwenye pua. Unasikia harufu kali, unasema afadhali imepungua, kumbe kilichopungua ni wewe.

Chumba kizima kiligeuka kumtazama shangazi.

"Mkufunzi, hiyo ni kwa wasio na kipaji," Kufuli akasema. "Sisi tunayo mashine yetu, imekaa pale, imejifunga kitambaa."

Watu wakacheka. Shangazi akacheka nao. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni yake, nikaona anakunja na kukunjua pindo la ovaroli.

Siku ya tatu ilikuwa ya kupima barakoa, na hapo ndipo niliposema moyoni, leo kimenuka. Kila mtu angevaa barakoa yenye vichujio, kisha afunikwe kichwa kwa kofia pana ya nailoni, na ndani yake kuwekwe kitambaa chenye dawa isiyodhuru, yenye harufu ya ndizi mbivu. Ukiisikia ndizi, barakoa yako inavuja, ubadilishiwe. Usipoisikia, inakufaa. Lakini kwanza, kabla ya kuvaa, Mkufunzi alitaka uhakika kwamba pua yako ni nzima. Aliweka chupa mbili mezani, moja ina maji matupu, nyingine ina dawa kidogo, anazitikisa, anazichanganya, nawe unanusa na kusema ipi ni ipi. Mara tatu.

Shangazi alipoitwa nilishika kiti kwa mikono miwili. Sasa basi, nikawaza, mambo hadharani. Alifungua chupa ya kwanza, akapunga kiganja, akafumba jicho. Akafungua ya pili.

"Hii."

Sawa. Zikachanganywa.

"Hii."

Sawa. Na ya tatu sawa. Watu wakampigia makofi. Mimi peke yangu ndiye niliyeona kwamba kabla ya kufungua alikuwa akizitazama chupa kwenye mwanga, na kwamba katika moja matone yaliteremka kwenye kioo polepole kuliko katika nyingine.

Akavaa barakoa. Aliivaa juu ya kitambaa cha kichwani, mkanda ukapanda kwenye fundo la nyuma na kuivuta barakoa juu, na chini ya kidevu nikaona upenyo ambao ningeweza kuingiza kidole. Mkufunzi alikuwa ameinama anaandika jina. Alipoinuka, shangazi alikuwa ameshajivika kofia mwenyewe.

"Unasikia chochote, mama?"

"Sisikii."

"Geuza kichwa. Inama. Pumua kwa nguvu."

"Sisikii kitu kabisa," akasema shangazi, na hakusema uongo.

Mkufunzi akaandika: inamfaa.

Nilinyamaza njia nzima ya kurudi nyumbani, jambo ambalo peke yake lilitosha kumwonya. Tulipofika jikoni nikaweka sufuria lililoungua mezani katikati yetu.

"Tangu lini?" nikauliza.

Alilitazama lile sufuria. Nilidhani atafoka. Badala yake alifungua kitambaa cha kichwani, akaketi.

"Miaka minne. Lilikuja pipa kutoka kwa watengeneza ngozi, nikalifungua, likanipiga hapa," akagusa katikati ya macho. "Nikasema ni mafua. Mafua hayakuisha."

"Miaka minne! Na sisi tunakufuata kama vifaranga!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Barakoa yako leo ilikuwa na upenyo. Utaingia mahali na karatasi inayosema inakufaa, na mimi nitaitwa kuja kukutambua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nani alinifundisha hayo?"

"Nilikufundisha methali, sikukufundisha kunizika nikiwa hai," akasema. "Unajua wanaoshindwa kusoma lebo wanapelekwa wapi? Kufagia njia. Mimi sikusoma, Mbona. Pua hii ndiyo shule yangu. Nikisema haipo, Mama Pua ni nani?"

Nilikuwa na hasira naye na nilimhurumia, vyote kwa mkupuo mmoja, na sikujua nianze na kipi. Nikaanza na hasira.

"Kesho kutwa ndiyo siku ya mwisho. Usiposema wewe, nasema mimi."

"Sema," akajibu, akainuka kwenda kuosha miguu. "Tangu nilipokuchukua nilijua nimechukua mdomo."

Kesho yake hakusema. Nami, pamoja na mdomo wangu wote, sikusema.

Siku ya mwisho tulifanyia mazoezi uwanjani. Mkufunzi alikuwa amepanga mapipa ya maji, tukajifunza kuzungushia kamba, kusimama upande upepo unakotoka, kuhesabiana. Tulikuwa katikati ya zoezi lori lilipoingia, lori la kweli, na mapipa sita kutoka karakana iliyofungwa, ya kuchovya vyuma kwenye dawa visishike kutu. Kufuli akataka yashushwe haraka ili tuendelee. Matano yalishuka bila neno. La sita likawekwa peke yake, halina lebo.

"Rangi tu hiyo, mama," dereva akasema. "Rangi za zamani."

"Mbona macho yako mekundu, mwanangu?" shangazi akamuuliza.

"Vumbi la njiani."

Tulirudi nyuma ya mstari wa njano, kama ilivyo desturi. Kipara alichukua mpira wa maji, maana kwetu chochote kikimwagika kwanza ni maji. Mkufunzi alikuwa upande wa pili anakusanya kamba zake. Shangazi akalisogelea pipa, barakoa usoni, upenyo wake pale pale chini ya kidevu. Akalipita kwa nyuma ya kiganja. Akauondoa mkono haraka. Akazunguka akajaribu upande wa kivulini. Akatazama mfuniko, uliokuwa umevimba kama chapati kwenye kikaango.

"Fungua tujue, Mama," Kufuli akasema. "Robo mzunguko tu."

Hakufungua. Alirudi hatua mbili.

"Ni nini?" Kufuli akauliza. "Tindikali? Kipara, mwagia maji basi lipoe."

Kipara akavuka mstari, barakoa kidevuni, mpira mkononi. Nilijua walichokuwa wanasubiri wote, na shangazi alijua. Neno moja tu. Angesema tindikali, angesema tina, angesema lolote, wangeamini na kufanya kama alivyosema, na Mama Pua angebaki Mama Pua. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga.

"Sijui," akasema.

Katika miaka tisa sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Hata Kufuli alidhani hakusikia vizuri.

"Hujui vipi? Nusa!"

"Sinusi! Sina pua!" Alipiga kelele, mikono ameinyoosha kumzuia Kipara. "Miaka minne sisikii harufu ya kitu. Sisikii hata maharage yakiungua. Weka maji chini! Pipa lina moto kivulini, limevimba, na dereva analia si kwa vumbi. Sijui ni nini, kwa hiyo usimwagie kitu. Rudini nyuma wote. Rudini!"

Mkufunzi alikuwa ameshatupa kamba zake anakimbia. Alitusogeza mpaka ukutani, upande upepo unakotoka, akatuhesabu, akamkuta dereva ameinama anakohoa, akamtoa nje kabisa. Akaona upenyo chini ya kidevu cha shangazi, akamvua barakoa. Likaitwa gari la wataalamu, na lilichukua saa tatu.

Baadaye alitueleza kwa ufupi. Mtu wa karakana, akiharakisha kufunga, alimimina ndani ya pipa moja mabaki ya vitu viwili visivyopatana. Vilikuwa bado vinagombana mle ndani. Robo mzunguko wa kizibo ingemtia aliyesimama juu yake upofu, kama si zaidi. Na maji, akasema akimtazama Kipara, maji yangetumaliza sote. Kipara akaanza kulikuna sikio, akakumbuka, akaushusha mkono.

Tulirudi darasani. Kufuli alikuwa amevimba kuliko lile pipa. Alisema ametia sahihi uongo miaka minne, kwamba wangekufa wote, na mama mtu mzima anachezea roho za watoto wa watu. Hakuna aliyembishia, kwa kuwa alisema kweli. Shangazi aliinamisha kichwa akapokea kila neno.

Mkufunzi alisubiri Kufuli aishiwe. Kisha akasogeza kiti mbele.

"Mama, njoo. Ile barakoa hatujaipima bado."

"Na nini? Nimekwambia sina pua."

"Kwani nimesema nusa?"

Alitoa kichupa cha kupulizia. Akasema kuna dawa nyingine kwa ajili ya watu kama yeye, haina harufu, ina ladha tu, na ulimi si pua. Akamvisha kofia ya nailoni, barakoa imekaa juu ya kitambaa vile vile kama juzi. Akapuliza mara moja.

Shangazi aliruka kitini.

"Chungu! Mamaa, chungu kama shubiri!"

Akang'oa kofia, uso umekunjamana, machozi yanamtoka, naye anacheka. Alikuwa anacheka! Alituangalia mmoja mmoja kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. "Nimekisikia," akaniambia. "Mbona, nimekisikia mpaka kooni." Hata Kufuli aligeukia dirishani. Kisha Mkufunzi akamwambia afungue kitambaa, mkanda ukae kwenye nywele, akambana barakoa vizuri, akapuliza mara kumi. Hakuna kitu. Akaandika upya.

Nikidhani yamekwisha, Mkufunzi akabaki na kalamu hewani. Nilimjua mtu wa aina yangu, alikuwa na swali linamwasha.

"Mapipa nimeelewa, Mbona amenieleza tulipokuwa tunangoja lile gari," akasema. "Mikono, macho, salamu za madereva. Hayo nitaomba uwafundishe wenzako, na uongozi nitauandikia hivyo. Lakini lile ghala la ndani, mama. Kila asubuhi uliwaambia hakuna kitu. Umejuaje?"

Shangazi alikuwa anakunja kitambaa chake mara mbili, mara nne.

"Nilihesabu," akasema.

"Ulihesabu nini?"

"Naingia nasimama katikati, barakoa nimeivua, nahesabu mpaka mia mbili. Nikifika mia mbili bado nimesimama, natoka nawaambia waingie."

Kufuli alishika rundo lake la funguo lisilie. Mimi niliwaza asubuhi zote nilizosimama mlangoni nikisimulia stori za jana, na yule mwanamke mle ndani gizani akijitoa kuwa kipimo chetu, moja, mbili, tatu, na nikajua kwamba mara nyingi nilimwita atoke haraka, tumechelewa.

Na mimi nilidhani anasali.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na kipima hewa, kidubwana cha manjano kinachotoshea mfukoni. Kufuli alifungua mlango wa ghala, akakifunga kwenye fimbo ndefu, akakiingiza ndani, na tukaambiwa tusubiri kikague. Shangazi alisimama nje pamoja nasi, nyuma ya mstari wa njano, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Mkanda wa barakoa ulikuwa umekaa kwenye nywele zake, na nywele zilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyofikiri. Nikamtazama, nikaona barakoa inatikisika kwa jinsi midomo inavyotembea.

"Umefika ngapi?" nikamnong'oneza.

"Tisini na moja," akasema. "Hebu nyamaza, utanipotezea hesabu."